Ufunguo wa Choo cha Wageni

Wiki yangu ya kwanza Lagangabilili nilikabidhiwa vitu vitatu: kofia ngumu nyeupe, reflekta iliyonifika magotini, na ufunguo wa choo. Nilikuwa mhandisi mshauri wa jengo la ghorofa lililokuwa linajengwa na kampuni moja ya nje. Kazi yangu ilikuwa kukagua na kutia saini; bila saini yangu zege halimwagwi. Meneja wa saiti, mzungu mrefu mwenye adabu zake, alinipa ule ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anayenikabidhi mji.

Choo chenyewe kilikuwa ndani ya kontena, nyuma ya ofisi. Mlangoni kulikuwa na kibao: WAGENI TU. Kilikuwa na vigae, maji ya bomba na sabuni yenye harufu ya ndimu. Tuliokitumia tulikuwa watano, wazungu wanne na mimi. Wafanyakazi wengine, zaidi ya sitini, karibu wote wazaliwa wa vijiji vya jirani, walikuwa na mashimo mawili yaliyozungushiwa mabati upande wa pili wa saiti. Wanawake na wanaume walikwenda hukohuko, na mlango ulikuwa kipande cha turubai kilichofuata upepo popote ulikokwenda.

Ningependa kusema niliona aibu tangu siku ile. Sikuona. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa Tanga, nimeletwa Simiyu kikazi, nimepanga chumba Somanda. Kama mimi si mgeni, mgeni ni nani? Halafu, kusema kweli, niliipenda ile sabuni.

Aliyeendesha kazi hasa alikuwa fundi mkuu, mzee wa palepale aliyejenga tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa akilitazama zege linavyotoka kwenye mashine na kusema maji yamezidi, na vipimo vyangu vikija vinasema hivyohivyo. Juu yake aliwekwa kijana wa kizungu, hana hata miaka miwili tangu atoke chuoni, mpole, mwenye kumuuliza mzee kila kitu. Kila tulipomwaga zege ilijazwa kadi, na kwenye nafasi ya "aliyesimamia" liliandikwa jina la yule kijana. Chini yake nilitia saini mimi. Miezi minne nilitia saini bila hata kalamu kusita.

Siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa ya kwanza, fundi mkuu alinijia akiwa ameinama kidogo, mkono tumboni. Alisema anafika nyumbani mara moja, anarudi sasa hivi. Nikamwambia sawa, mzee. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, unanichoma paja kila ninapopanda ngazi, na haukunijia akilini.

Akapanda bodaboda. Wakati wa kurudi bodaboda ikaishiwa mafuta njiani, na mzee wa watu akatembea. Huku nyuma yule kijana, mimi nikiwa ofisini, kwa kuona kazi imelala, akaamuru watu waanze kumwaga upande wa pili. Fundi mkuu aliporudi baada ya karibu saa nzima, upande wa kwanza ulikuwa umeshaanza kukauka, na katikati ya slabu kukabaki mstari ambapo zege jipya halikushikana na la mwanzo. Aliutazama ule mstari kama mtu anayetazama ng'ombe aliyevunjika mguu.

Kesho yake meneja aliniletea barua ya onyo ili niithibitishe. Ilisema fundi mkuu ametoroka kazini na kusababisha hasara. Nikamwendea mzee kumuuliza kulikoni. Alisita sana, mwisho akaniambia. Juzi yake alikula nyama harusini, tumbo likamkamata, na asubuhi ile upepo ulikuwa umechukua turubai.

"Na mkwe wangu anabeba nondo hapa," alisema. "Nikachuchumae mbele ya mkwe?"

Kwa Wasukuma hilo halina mjadala. Mtu na mkwewe hata kula pamoja ni shida, sembuse hilo. Nilirudi ofisini uso unawaka. Kutoka pale aliposimama akiniomba ruhusa hadi kwenye kontena ni hatua ishirini.

Basi nikaamua kuwa shujaa. Asubuhi iliyofuata, kwenye kikao cha usalama ambacho wafanyakazi wote hukusanyika kabla ya kazi, niliomba nafasi nikatoa hotuba. Nilitumia Kiswahili changu chote cha Tanga. Nilizungumzia utu, ubaguzi wa rangi uliojificha kwenye vibao, na mzee wetu mpendwa aliyelazimika kukimbilia nyumbani kwa haja ya kibinadamu. Kwa kuwa wengine hawakuwa wepisi wa Kiswahili, karani wa stoo alisimama akanitafsiria kwa Kisukuma. Mimi nilisema kwa dakika tano; yeye alisema maneno manne. Saiti nzima ikaangua kicheko, wengine wakaketi chini.

Nilimuuliza amesema nini.

"Nimesema fundi mkuu aliharisha," akajibu.

Mkwe alikuwa mstari wa mbele.

Kila asubuhi mimi na mzee tulisalimiana kwa Kisukuma, "mwangaluka", na alikuwa akinirekebisha matamshi kwa furaha. Kesho yake nilipomsalimu hivyo alinijibu "salama", kama unavyomjibu mtu wa benki. Mchana nilimfuata alipokuwa amekaa juu ya mifuko ya saruji. Nikamwambia nilikuwa namtetea.

"Najua, injinia. Ulitaka kunivika nguo, lakini umeanza kwa kunivua hadharani," alisema. "Hukuniuliza nataka nini."

Nikakaa chini, nikamuuliza. Choo cha wazungu hakukihitaji. Alisema hana hamu ya kukaa ambapo meneja ametoka kukaa. Alitaka barua ifutwe. Alitaka vyoo vyenye milango, na vya wanawake mbali na vya wanaume. Lakini hayo ya wanawake, alisema, niwaulize wenyewe. La tatu alilitoa polepole, macho yake yakiwa kwenye kiatu: alitaka jina lake liandikwe kwenye kadi ya zege. Zege likitoka zuri limesimamiwa na kijana, likiharibika limeharibiwa na yeye.

Nikaenda kwa wanawake, nao walikuwa wanne, wabeba maji na mchanga. Walitaka komeo la ndani, na mlango usitazame barabarani. Mkubwa wao alinitazama kuanzia kofia mpaka buti.

"Wewe si mwanamke mwenzetu? Siku zote hizi ulikuwa unajisaidia wapi?"

Nilielekeza kontena kwa kidevu. Walicheka mpaka ndoo ikamwagika, na mimi nikacheka nao, kwa kuwa kulia kungekuwa kujipendelea.

Safari hii sikutoa hotuba. Niliingia kwa meneja na kadi ya zege mkono mmoja na mkataba mkono wa pili. Nikamwonyesha kwamba kwa mujibu wa kadi msimamizi wa slabu ile ni kijana, wala fundi mkuu hatajwi popote. Anapewaje onyo kwa kuacha kazi ambayo kwenye karatasi hakupewa? Meneja alisoma kadi mara mbili. Yule kijana, aliyekuwa mezani kwake, akainua mkono kama mwanafunzi, akasema ni kweli, aliyeamuru kuhamia upande wa pili ni yeye, na kila anachokijua kuhusu zege la nchi hii amefundishwa na yule mzee. Barua ikachanwa.

Kuhusu vyoo meneja alikuwa mgumu zaidi. Alisema kibao kilikuja na kontena kutoka mradi mwingine, na yeye, asiyejua Kiswahili, alidhani kimeandikwa "karibuni". Akasema pia wafanyakazi wamezoea mashimo yao. Nikamuuliza kama amewahi kuwauliza. Nilimuuliza kwa ukali wa mtu ambaye mwenyewe amewauliza saa mbili zilizopita.

Halafu nikafungua kipengele cha mkataba kinachotaka vyoo vya staha kwa wafanyakazi wote, nikaandika maelekezo rasmi: zege jingine halitamwagwa mpaka vijengwe. Meneja akampigia bosi wake ng'ambo, simu ikiwa kwenye spika. Bosi aliuliza kwa nini kazi imesimama. Akaambiwa vyoo. Akauliza kama vyoo viko kwenye ramani. Nikasema vitakuwepo kesho.

Wakati vinajengwa, kibao kiling'olewa na kontena likawa la wote. Wanawake walilitumia bila maneno mengi. Fundi mkuu aliingia mara moja tu, akiwa na rula ya kazi, akatoka akitikisa kichwa. Alisema vigae vimepigwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwao.

Vyoo vipya alivijenga mwenyewe, plasta laini kama ndani ya kibuyu. Slabu iliyofuata jina lake liliandikwa kwenye kadi, kwa herufi kubwa zilizovuka kisanduku, ikabidi mimi nitie saini pembeni. Salamu zetu zilirudi, ingawa ilichukua kama wiki mbili.

Nilikuwa nimeogopa ofisi yetu ya ushauri ya Mwanza, iliyonituma, kwa jinsi nilivyosimamisha kazi. Bosi wangu alipopiga simu alisema amesikia nimekuwa injinia wa vyoo. Nikakubali kosa. Akakohoa, akasema ana saiti nyingine mbili zenye tabia hiyohiyo, nimtumie mchoro wa vyoo vyetu. Nikamjibu kwamba mchoro si wangu, ni wa fundi mkuu na wanawake wanne. Akasema sawa, niandike majina yao pembeni.

Nikashuka kwenda kuwauliza kama wanataka. Mzee alikubali kabla sijamaliza sentensi. Wanawake wawili walikubali, mmoja akakataa kabisa jina lake kukaa kwenye karatasi ya choo, na yule mkubwa wao akasema kwanza nimsomee imeandikwa nini.