Barua Iliyorudi Ikiwa Ziwa

Barua ya posa niliyoiandika kwa niaba ya mpwa wangu ilirudi kutoka Ipelele, kwao binti, ndani ya bahasha nyingine, bila hata neno moja linalosomeka. Niliikunjua mezani mbele ya dada yangu. Katikati palikuwa na bwawa la samawati lenye kingo za zambarau. Tarehe tu ndiyo iliyookoka, kule juu pembeni. Pamoja nayo kilikuja kikaratasi chenye mwandiko wa kiualimu, uliosimama wima:

"Tumepokea picha ya ziwa. Ni nzuri. Sasa tunaomba barua. Iandikwe kwa mkono, na aliyeiandika aje nayo Jumamosi, ili ikilowa tena aisome mwenyewe."

Aliyeandika hayo ni shangazi wa binti, mwalimu mstaafu. Katika ukoo ule hakuna posa inayopita bila kupitia kwake.

"Kaka," dada yangu alisema, "hivi chuo kikuu ulikwenda kusoma nini?"

Historia, lakini haukuwa wakati wa kujibu.

Kosa lilikuwa langu, na kabla halijawa langu lilikuwa la majivuno yangu. Nina ugonjwa wa kalamu za wino, zile za kujazwa kutoka chupani, zenye nibu, yaani ile ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati. Wanaume wa rika langu hapa Njombe wana mashamba ya parachichi na ekari za miti ya mbao. Mimi nina kalamu kumi na moja, na zote kwa pamoja hazifikii bei ya simu ya maana. Nazinunua Makambako, moja moja, kwa bei ya sahani ya chipsi mayai. Ipo yenye nibu pana iliyokatwa bapa, ambayo mstari wake ukishuka ni mnene na ukienda kando ni mwembamba, hata orodha ya vitunguu na chumvi ikaonekana kama tamko la serikali. Ipo yenye nibu iliyopinda mbele kama kidole kilichowahi kuvunjika. Ukiilaza inapaka, ukiisimamisha inachora. Ipo inayovuja, nami naipenda kama mtu anavyompenda ndugu mlevi. Asubuhi za baridi kali wino hugoma, ndipo ninapoziweka kwapani kama kipimajoto kabla ya kuanza kazi. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba ameolewa na mgonjwa asiye na homa.

Basi nilipoombwa barua ya posa, nilichagua nibu bapa na wino wa samawati unaong'aa kuliko wote. Nilitaka wakwe waione hata kabla ya kuisoma. Mshenga wetu, mzee wa kanisa mwenye heshima zake, aliitia mfukoni mwa koti, akapanda basi hadi Makete, kisha bodaboda. Mvua ilimkuta njiani. Mengine mmeshayaona.

Kilichotutia hofu ni habari aliyorudi nayo mshenga. Ilikuwa imefika posa nyingine, ya mfanyabiashara kutoka Mbeya, iliyochapwa kwa kompyuta na kufungwa kwa plastiki ya lamineshen.

"Ile hata ukiitupa mtoni inaelea," mshenga alisema.

"Twendeni steshenari na sisi tukachape," dada yangu akadakia.

"Shangazi ametaka ya mkono," nilimkumbusha.

Mpwa wangu, ambaye ana miaka thelathini na moja, alinyanyua ile karatasi ya ziwa, akaitazama, akairudisha.

"Mjomba," alisema, "mimi sina haja ya mwandiko mzuri. Nataka mke."

Jumatano nilikuwa Makambako. Muuzaji wangu ni mtu wa Kondoa, ana duka la vifaa vya shule karibu na stendi, na huniita profesa kwa sauti ya kuwasikilizisha wateja wengine.

"Profesa! Ile samawati imekwisha?"

"Imenimaliza mimi," nilisema, nikamsimulia.

Alicheka mpaka akavua kofia yake ya kitambaa, akajifutia machozi. Kisha akapanda kwenye stuli na kushusha chupa yenye vumbi, iliyoganda kizibo. "Huu ni wino wa rejesta. Zamani ofisi zote zilikuwa zinaandikia huu. Siku hizi hauuziki, maana ukiandika unatoka umepauka, watu wananirudishia. Lakini ngoja siku mbili, utakuwa mweusi wenyewe. Na maji hauyaogopi."

"Wenyewe?"

"Wallahi, wenyewe."

Huyu ndiye aliyeniuzia kalamu "ya Mjerumani" yenye maandishi ya Kichina ubavuni. Niliinunua ile chupa hivyo hivyo, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Alhamisi asubuhi nilichukua karatasi sita, nikaandika mstari kwenye kila moja kwa wino tofauti, nikazibana na vibanio kwenye kamba ya kuanikia nguo. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Jirani akapita na ndoo yake, akasimama.

"Kamwene, jirani. Unafua nini?"

"Barua."

"Eh. Zimechafuka?"

"Naziogesha kabla hazijasafiri."

Alimtupia mke wangu jicho la pole na kuendelea na safari yake. Baada ya nusu saa samawati ilikuwa imeshuka hadi kwenye nyasi. Kijani ilikwenda, nyekundu ikachuruzika kama kidonda, na nyeusi niliyoiamini ikageuka moshi. Mmoja tu ulibaki pale nilipouweka, ule wa rejesta. Ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, lakini hakuna herufi iliyosogea. Mke wangu alizikusanya zote sita, na zilipokauka akawashia jiko.

Nibu nayo ilikuwa somo. Nibu pana humwaga wino mwingi, na karatasi ya kawaida haiumudu. Ilibidi niitoe ile kalamu ndogo ya plastiki ambayo nilikuwa naidharau, ya bei ya chini kuliko zote, yenye nibu nyembamba kama sindano, inayokwaruza karatasi kama kuku anayetafuta punje. Niliandika nayo kurasa mbili, polepole, bila mkia wala pambo lolote. Kwa mara ya kwanza tangu nianze ugonjwa huu, niliandika nikifikiria atakayesoma.

Dada yangu aliinyanyua dirishani.

"Hii ni barua au kivuli cha barua?"

"Itakuwa nyeusi yenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Muuzaji."

Aliikunja, akaifunga ndani ya bahasha na kuitia katika Biblia yake. "Isishikwe tena na wewe."

Ningeweza kuandika mstari mwingine daftarini ili niuone asubuhi umekuwaje. Niliuandika. Sikuutazama. Mtu aliyekwisha kuaibika mara moja huwa hana haraka ya kupata habari.

Tulifika Ipelele Ijumaa jioni, mimi na mshenga, tumelowa hadi kwenye soksi. Jumamosi asubuhi tuliketishwa karibu na moto, wazee wa binti upande wa pili, na shangazi katikati akiwa na miwani na bilauri ya maji. Nilidhani maji yale ni ya kunywa.

"Mchora ziwa ni yupi?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Karibu. Leo umetuletea mto?"

Wazee walicheka. Mshenga alitoa bahasha aliyokabidhiwa na dada yangu. Shangazi aliifungua, akaikunjua ile karatasi, akaielekeza dirishani. Mimi nilikuwa naangalia magoti yangu. Nilipopata ujasiri wa kuinua macho, niliona mistari kwa nyuma, mwanga wa dirisha ukipenya karatasi: myeusi. Myeusi kama masizi ya chungu, imenyooka, kila herufi mahali pake. Yule mtu wa Kondoa alikuwa amesema kweli, na mimi nikajikuta nikimwombea baraka kimoyomoyo katika dini zote mbili.

Lakini shangazi hakuanza kusoma. Alichovya kidole gumba katika bilauri, akalitafuta jina la mpwa wangu, akalisugua. Mara moja, mara mbili. Moto ulikuwa unapasua kuni. Akanyanyua kidole chake, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa safi.

"Nimeandika rejesta za darasa kwa wino huu miaka yangu yote ya mwanzo," alisema. "Ile ya Mbeya nimeshindwa hata kuikunja." Kisha akasoma barua yote kwa sauti, bila kukwama hata mahali pamoja, na alipomaliza akanyoosha mkono. "Kalamu uliyoandikia unayo?"

Nilimpa. Aliijaribu pembeni ya gazeti, ikakwaruza, akatabasamu kama aliyekutana na mwanafunzi wake wa zamani. "Majibu yataandikwa. Hii nabaki nayo."

Majibu yalifika wiki iliyofuata, tukiwa wote nyumbani kwa dada. Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshindwa kukaa. Dada alichana bahasha. Ukurasa ulikuwa mmoja, kwa nibu ile nyembamba na wino uliobaki ndani yake, na maandishi yalikuwa yameshaiva kuwa meusi. Hakuisoma. Alilamba kidole gumba, akasugua mstari wa kwanza, akakitazama kidole, akanitazama mimi.

"Mama, soma!" mpwa wangu alilia.

Ndipo akasoma. Alipofika kwenye neno "tumekubali" hakuweza kuendelea, akapiga kigelegele kilichomleta jirani mbio, na mke wangu, akiwa katikati ya kunikumbatia, akaniuliza Makambako nakwenda lini, na kama ile chupa ya wino wa rejesta inatosha kadi za harusi mia mbili.