Mtihani wa Kuvuka Barabara pale Kibaigwa

Mwalimu Raheli hakuridhika kupima watoto kwa maswali ya ubaoni. Mradi wa usalama barabarani ulipokwisha, alichora barabara kwa majivu uwanjani, akataka kila mtoto avuke mbele yake. Atakayefuzu ataruhusiwa kuvuka barabara kuu bila kushikwa mkono na mkubwa. Hilo lilimnyima usingizi. Muhula uliopita Yasinta, mtoto wa kaka yake, aliyesoma darasa hilo hilo, aligongwa pale na lori la mahindi, akafa.

Mustapha ndiye aliyekuwa lori. Alikuja mbio ameshika mfuniko wa sufuria kama usukani.

"Lori gani linakohoa?" wenzake wakamzomea.

"Nyamazeni, nimezidisha mzigo!"

Miriam akasimama ukingoni. Akatazama kulia, kushoto, kulia tena. Akasubiri lori lipite. Yote sawasawa, ila alivuka ameshusha mkono wa kushoto, vidole amevikunja kama aliyeshika kitu. Aliyemfuata naye vivyo hivyo. Na wa baada yake.

"Miriam, nani kawafundisha kukunja vidole?"

"Hakuna, mwalimu. Tunamvusha Yasinta. Yeye hajui. Hakuwepo tulipojifunza."

Katika jua lile la Kibaigwa, ubaridi ukampanda Raheli mgongoni. Alitaka kukemea kwa jina la Yesu. Lakini angemkemeaje mtoto wa damu yake? Akawatazama watoto. Hakuna aliyecheka. Walivuka kwa hatua fupi, kama watu wanaomngoja mdogo wao.

Wote walifuzu. Saa ya kwenda nyumbani akawapeleka barabara kuu, akabaki nyuma. Walingoja malori yaishe, wakavuka vizuri. Walipofika ng'ambo wakageuka.

"Mwalimu!" Miriam akaita. "Amekataa kuja na sisi. Amesimama hapo kwako!"

Raheli hakuthubutu kutazama chini. Akatazama kulia, kushoto, kulia tena. Akashusha mkono.

"Twende, mwanangu. Shangazi yupo."

Akaingia barabarani akiomba kimoyomoyo. Katikati ya lami inayochoma, kitu kidogo, cha baridi, kikamshika vidole kwa nguvu. Hakikumwachia mpaka alipokanyaga vumbi la upande wa pili.

Mustapha akamsogelea, hana utani tena. "Mwalimu, naye kafuzu?"

Raheli akakitazama kiganja chake kitupu.

"Kafuzu," akasema. "Bwana na ampokee."