Nilivyokwenda Mikumi Kurudisha Jipiesi ya Mwalimu

Sijawahi kushindwa maneno na mtu anayeuza kitu.

Muulizeni yeyote hapa Kilosa, kuanzia wa vocha mpaka wa viatu vya mtumba. Wakiniona nakuja wanashusha bei wenyewe ili niondoke.

Kwa hiyo siku jipiesi iliponipeleka na pikipiki mpaka katikati ya jaruba la mpunga kule Masanze, maji magotini, vyura wananitazama kama mgeni rasmi, wala sikupata presha. Nilijua hela itarudi.

Naitwa Mudi, naendesha bodaboda. Pikipiki si yangu. Ni ya Mwalimu Pastory, mstaafu ambaye mpaka leo anaongea na watu wazima kama wako darasa la tatu.

Mwalimu alisikia kuna kampuni inatafuta pikipiki za kusambaza mbegu Chanzuru, Mvumi na Masanze, ila lazima ziwe na kifaa cha kuonyesha njia. Jumatatu akaenda mwenyewe Mikumi akanunua jipiesi, ile inayofungwa kwenye usukani na kuongea. Laki mbili na nusu.

Akaifunga. Akaiwasha. Sauti ya kike ikasema, "Nyooka mita mia mbili."

Nikamuuliza mwalimu: mimi niliyezaliwa hapa nifundishwe njia na mwanamke asiyejua hata fungu la mchicha ni bei gani?

Akavua miwani. Walimu wakishindwa hoja huwa wanapangusa miwani.

Alhamisi kioo kikafa. Ijumaa nikakifunika kitambaa, nikasingizia vumbi. Jumamosi asubuhi mwalimu akafunua.

"Mudi," akasema, "nenda Mikumi. Ukirudi na hela au kifaa kizima, tunaendelea na kazi. Ukirudi na hadithi, uweke funguo ya pikipiki mezani."

Mke wangu Yusrah ana mimba ya miezi saba. Funguo ile ndiyo inayotulisha. Nikawasha chombo, nikaondoka.

Duka lenyewe liko kando ya barabara kuu, linauza taa za sola, chaja na spea. Muuzaji ni dada mmoja anaitwa Fabiola. Nilimkuta anakunywa chai taratibu, utadhani analipwa kwa kunywa.

Nikailaza jipiesi mezani kama naleta maiti kwa ndugu zake.

Kisha nikafungua mdomo.

Nilimwambia anauza vipofu kwa bei ya viongozi. Nilimwambia kifaa chake kilisema pinda kulia, nami nilivyo mtu wa kutii nikapinda, nikajikuta napanda mpunga bila jembe. Nikamwambia hata ng'ombe anajua jaruba si barabara, na ng'ombe hauzwi na chaja. Baada ya hapo, nikamalizia, kioo kilizima chenyewe, kwa aibu.

Fundi simu aliyekaa kwenye kona alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Wateja wawili wakaahirisha kuondoka.

Fabiola hakucheka. Watu wa hivi ndio wanaoharibu burudani za wenzao. Aliuliza kama kifaa kilidondoka. Nikasema hapana. Aliuliza kama kiligongwa.

"Dada yangu, mimi kitu cha watu nakishika kama yai."

"Na huu ufa?"

"Joto. Vioo vyenu vikikutana na jua la Kilosa vinaandika wosia."

Fundi akacheka tena. Nikajua nimeshinda.

Fabiola akavuta pumzi. Akaeleza kwamba ndani ya siku saba, kama kifaa hakijapigwa, duka linarudisha hela. Ila risiti ilikuwa na jina la Pastory, kwa hiyo lazima amsikie mwenyewe. Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu, akaiegemeza kwenye kopo la chai.

Wakaamkiana. Mwalimu akakubali hela nipewe mimi. Fabiola akafungua droo, akaanza kutoa noti.

Mate yalinijaa mdomoni.

Hapo mlangoni akaingia mama mmoja na madumu mawili ya maziwa.

Nikageukia ukutani. Kulikuwa na kalenda ya mwaka juzi. Nikaisoma kama naitafutia kosa.

Yule ni Mama Seni. Msukuma, ng'ombe wake wako Masanze, na kumbe ndiye anayemletea Fabiola maziwa ya chai. Fabiola akamwamkia, kisha akamlalamikia kwamba ya Alhamisi yalifika jioni, yameshaganda.

"Muulize huyo anayesoma ukuta," Mama Seni akasema. "Ndiye alinibeba."

Ilibidi nigeuke. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nguo zilikauka?"

Akaweka madumu chini, akasimulia polepole, kama anahesabu ng'ombe wakiingia zizini. Kwamba mashine ilisema nyooka. Kwamba mimi nilisema mbele kuna trafiki na leseni yangu imeisha, ila kuna njia ya mkato naijua tangu utotoni. Kwamba njia hiyo ilishabebwa na mvua, tukaingia majarubani. Kwamba mashine ilisema geuka urudi, nami nikaiambia inyamaze. Ikasema tena, nikaijibu tena, mpaka yeye huko nyuma akaona haya kama mgeni aliyekuta mke na mume wanagombana.

"Nikamwambia, mwanangu, mbona mwenzio anasema turudi? Akachomoa spana chini ya siti." Akamtazama Fabiola. "Aliipiga mara mbili. Ya kwanza ikasema geuka urudi. Ya pili kioo kikafa, ikasema geuka urudi."

Fundi hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Noti zikarudi kwenye droo.

Ndugu wasomaji, najua nilichowaambia kule juu. Jipiesi haikunipeleka jarubani. Mimi ndiye niliipeleka.

Nikawa natafuta sentensi ya kutokea. Nisingeikosa, nawaapia. Lakini kwenye kopo la chai sauti ikasema, "Mudi."

Simu haikuwa imekatwa.

"Naam, mwalimu."

Mwalimu akamuuliza Fabiola kama kifaa bado kinaongea. Fabiola akabonyeza, kikaongea vizuri tu.

"Kuna kitufe cha kuelekeza nyumbani kwangu, kibonyeze," mwalimu akasema. "Na huyo afuate kila neno."

Mama Seni akauza maziwa yake, akafunga madumu nyuma ya pikipiki yangu bila kuniuliza. Akasema leo anapanda bila wasiwasi, maana anayeongoza ana akili.

Jipiesi ikasema nyooka. Nikanyooka, mpaka mikononi mwa trafiki. Akaniandikia faini ya leseni, na Mama Seni akamsifu kwa mwandiko mzuri.

Nyumbani kwa mwalimu ile sauti ikasema, "Umefika."

Mwalimu alikuwa ameshaondoa vitabu vyote mezani. Nikaweka funguo. Akapangusa miwani.

Somo ni hili: ukiambiwa geuka, geuka, hasa kama umembeba mtu na maziwa yake. Jipiesi sasa inasambaza mbegu na kijana mwingine, haina kioo, na kijana hajapotea hata siku moja.

Mimi kijiweni naenda kwa miguu. Njia naijua.