Absinthi Isiyolevya ya Sabah

Saa kumi alasiri, katika sebule ya wanawake huko Al Amerat, Omani, Sabah anaweka kijiko chenye matundu juu ya bilauri, anakitia kipande cha sukari, kisha anafungua kibomba cha mtungi wa maji. Tone. Tone. Kinywaji cha kijani kinaanza kugeuka cheupe kama maji ya mchele, na wanawake waliokuwa wakipiga soga wanasogea wote mezani.

"Msikimbilie," anawaambia huku akicheka. "Hiki si cha kugugumia. Mwenye haraka anywe soda!"

Sabah, mwenye miaka thelathini na moja, huandaa vinywaji vya sherehe. Ukoo wao ulirudi Omani kutoka Unguja, na nyumbani kwao mpaka leo watu hugombana kwa Kiswahili.

Absinthi aliijulia katika chuo cha hoteli. Ni pombe kali ya Ulaya, ya mimea ya pakanga, yansuni na shamari, inywewayo kwa kudondoshewa maji baridi juu ya sukari. Baa nyingine huisuuzia bilauri tu, harufu ibaki, kisha humimina kinywaji kingine. Mwalimu alikuwa na chupa tupu. Sabah akainusa.

"Wallahi nlikumbuka maji ya shamari aliyokuwa akitunywesha mama tukiumwa tumbo," anasema. "Pombe siitaki. Lakini ule utaratibu wao, mtu anakaa, anasubiri, anazungumza na mwenzake, ule niliuhusudu."

Kazi ikawa kuutoa ulevi na kuubakiza utaratibu. Taabu ni kwamba bila kileo kinywaji hakigeuki rangi, hata ukisomee dua. Akachemsha, akamwaga, akachemsha tena, hadi siku alipotia tui jepesi la nazi kwenye maji ya mtungi. Kikageuka! Akapiga kigelegele peke yake jikoni. Mlevi gani wa Ulaya angeifikiria nazi?

Kosa lake lilikuwa kulibakiza jina lile. Kwenye sherehe ya hina ya binamu yake Lujain aliandika mezani, waziwazi, "Absinthi". Mgeni mmoja akalitafuta neno lile kwenye simu, simu ikapita mkono kwa mkono, na bilauri zikarudishwa zimejaa. Mama yake, Bi Mastura, alikuwepo.

"Hakunigombeza," Sabah anasema, na sauti inamshuka. "Aliniambia tu, 'Mwanangu, leo umenivua nguo mbele za watu.' Bora angenipiga."

Miezi minne ikapita bila mwaliko. Kilichomchoma zaidi ni kuwa mama alikataa hata kukigusa kinywaji kile. Kuiacha kazi hakutaka, na kuishi na huzuni ya mama hakuweza.

Akabadili mwendo. Siku hizi hupika mbele ya wageni: shamari inachemka wakiona, nazi inakunwa wakiona, na anayeuliza asili yake huambiwa yote. Sasa huitwa karibu kila wiki.

Mwezi ujao mdogo wake, Jaifar, anaoa, na Sabah alikuwa na ombi ambalo hakuthubutu kulitamka: kinywaji chake kiwepo harusini. Alhamisi iliyopita, Sabah akipika nyumbani, Bi Mastura alivuta kiti akamtazama tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono apewe bilauri. Akanywa kidogo, akanywa tena.

"Sukari umezidisha," akasema. "Na siku ya Jaifar asiguse mtu mtungi huo. Wageni wangu ntawatilia mwenyewe."