Damu ya bibi

Jirani yangu hapa Mususa, mama mukwe wa Élise, anachambulaka mbegu ya maharagi kila asubui mbele ya mulango. Vidole vyake vinaenda mbio: haragi ya muzuri ndani ya kitunga, ya mubaya kwa kuku. Mudomo nayo haipumzike. Tangu pikipiki ilipogonga mujukuu wake Kavugho, mutoto wa Élise, kichwani na mutoto akapoteza maneno yote, yeye anasema tu: «Bongo ya kulala vile inatoka kwa mama yake. Mbegu ni mbegu. Kwetu hatuzalake bajinga.» Docteur alisema bamuongeleshe mutoto polepole, bamuimbie, kelele hapana. Élise anajaribu, mais akianza tu kuimba, bibi anamukata: «Unaimbia jiwe? Mujinga!» Na akisema mujinga, anafyonza meno kwa zarau, anatupia kuku haragi moja. Siku moja nilimuuliza: «Mama, na ile mudomo yako, mbegu gani itaota hapa?» Akanifyonza na mimi vilevile.

Juzi nilipita kwao kuomba makala ya kuwasha moto. Kavugho alikuwa amekaa chini, karibu ya kitunga. Élise akamuletea uji, akamwita kwa jina, kwa sauti ya chini, vile docteur alimufundisha. Mutoto akamuangalia mama yake. Akafyonza, akatupia kuku haragi moja, akasema wazi kabisa: «Mujinga.» Neno lake la kwanza tangu ile pikipiki. Élise akaweka uji chini, akaingia ndani. Bibi naye alikuwa anapiga mikono: «Munasikia? Munasikia ile sauti? Ni damu yangu kabisa!»