Dubwana Aliyeanguka Kabla ya Teke

Kazi ya Hachiya Seigo ilikuwa kushindwa. Kila Jumapili, juu ya paa la duka kubwa mjini Okayama, alivaa vazi zito la mpira lenye sura ya kambale, akapigwa na Shujaa Umeme, akafa, na watoto wakashangilia. Kisha alikwenda nyuma ya turubai kunywa chai baridi ya shayiri na kungoja kufa mara ya pili, saa tisa alasiri.

Aliianza akiwa kijana mwembamba asiyejua kuzungumza na watu. Ndani ya mpira hakuna anayekutaka uzungumze. Sauti ya shujaa na ya dubwana zimerekodiwa studio na waigizaji walewale wanaosikika kwenye televisheni. Waliovaa hutoa mwili tu, wakiifuata sauti kama mcheza ngoma anavyofuata mdundo. Anayesema jukwaani kwa kinywa chake ni mshereheshaji peke yake, Dada Mio.

Sasa Seigo alikuwa amevuka hamsini, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumsaliti. Hakumwambia mtu. Onyesho humalizika kwa teke, na dubwana huruka kinyumenyume kutoka juu ya jukwaa. Asiyeweza kuruka hupelekwa mlangoni kuuza puto. Seigo aliogopa puto kuliko maumivu, maana muuza puto hana budi kusema na watu.

Jumapili hiyo mkuu wa kikundi, Mama Kawabe, alikuja kutazama mwenyewe. Naye alikuwa amevaa mpira miaka mingi, hadanganyiki.

"Mzee Hachiya, mbona unashuka ngazi upandeupande kama kaa?"

"Viatu vipya, bosi."

"Viatu hivyo nimevijua tangu havijatoboka."

Naoto, kijana anayevaa shujaa, akacheka. "Leo nikupige polepole, mzee wangu?"

"Piga kama ulivyozoea. Ukinibembeleza, watoto watajua."

Onyesho likaenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Seigo alikuwa juu ya jukwaa, akipunga masharubu. "Pokea Teke la Radi!" ikanguruma sauti ya shujaa kwenye spika, na Naoto akaanza kukimbia. Seigo akaegemea goti la kushoto ili ajiandae kuruka. Goti likamtangulia. Alianguka puu kwenye godoro lililopakwa rangi ya mwamba, huku Naoto akiwa bado njiani. Teke likapiga upepo.

"Hajapigwa!" akapaza sauti msichana wa safu ya mbele. "Kaanguka mwenyewe!"

Sauti iliyorekodiwa haingoji mtu. "Haki imeshinda!" ikatangaza, na watoto wakaangua kicheko. Kupitia tundu la kuchungulia, lililo kooni mwa kambale, Seigo alimwona Mama Kawabe amekunja mikono. Akaziona na puto zikimngoja.

Akainuka. Akaitazama sakafu, akainyooshea kidole, akaizaba kofi kana kwamba ndiyo iliyomtega. Akayatengeneza masharubu yake taratibu, kisha akamwita Naoto kwa mkono: haya, njoo, sasa niko tayari.

Dada Mio akadaka hapohapo. "Jamani, Kambale anasema lile halihesabiki! Shujaa arudie?"

"Arudie!"

Fundi wa sauti akairudisha rekodi nyuma. Teke la pili lilimkuta Seigo amesimama chini. Aliangukia upande wa kulia, akafa vizuri.

Baada ya onyesho watoto walipanga foleni kumpa shujaa mkono. Dubwana hana foleni. Seigo alikaa juu ya kreti nyuma ya turubai, kichwa cha kambale kikiwa bado mabegani, kwa sababu kichwa hakivuliwi watoto wakiwa karibu. Turubai likafunuka. Yule msichana wa mbele akachungulia.

"Kambale, umeumia?"

Hakuweza kujibu, dubwana hana sauti yake mwenyewe. Lakini miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na kabla hajafikiri, mkono wake ulikuwa umekwenda gotini.

Msichana akatoa kwenye kibegi chake plasta yenye picha ya Shujaa Umeme, akaibandika juu ya mpira na kuikandamiza kwa kidole gumba. "Usimwambie Umeme," akanong'ona, akatoka mbio.

Mama Kawabe alikuwa amesimama pembeni, ameona yote.

"Ni hilo goti?"

Kichwa cha kambale kikageukia turubai.

"Mtoto ameshaondoka, mzee. Vua hicho kichwa unijibu."

Akakivua. Jasho likamtiririka. "Ndilo, bosi."

"Tangu lini?"

"Tangu maua ya sakura yalipochanua, mwezi wa nne."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na plasta."

"Basi nitauza puto," akasema Seigo, kwa sauti ya kusikika na chai iliyokuwa kando yake tu.

"Wewe? Puto zitakuishia upepo mkononi kabla hujamwita mteja mmoja." Mama Kawabe akainama, akalibonyeza goti, akamwona anavyokunja uso. "Kuruka kutoka jukwaani basi. Kuanzia leo unafia chini. Kesho uende hospitali. Na ule ugomvi wako na sakafu nauona tena saa tisa."

"Siwezi kuurudia vilevile, bosi. Lilikuwa goti."

"Basi igiza goti. Si ndiyo kazi yako?"

Seigo akala tonge lake la wali na mwani, akafuta jasho. Naoto alipokuja kumfunga zipu, aliiona plasta, akanyoosha mkono kuibandua.

"Iache," Seigo akasema.

Saa tisa akatoka nayo.