Mambo Matatu ya Mzee wa Chumba cha Mbele

Usinione na nyumba mbili za kutunzia wazee hapa Brooklyn Park, Marekani, ukadhani nilirithi. Niliishia darasa la saba. Nilianza kwa kubadilisha mashuka ya wagonjwa, na leo wenye digrii wananiomba kazi. Hata mpira wa Wamarekani, ule wa kubebwa mikononi, naujua. Nilifundishwa na mzee wa chumba cha mbele, aliyeendesha basi la shule kule Anoka mpaka macho yakamkatalia usukani.

Kila mwaka msimu ukikaribia alikuwa ananiita. "Bosi, kaa. Mambo ni matatu." La kwanza, goti la yule anayerusha mpira: limepona kweli, au anatudanganya? La pili, yale majitu yanayosimama mbele kumkinga, maana wapya hawajazoeana. La tatu, mpiga teke. Hapo mzee alifumba macho. "Huyo atatuua." Nami niliyabeba hayo matatu mpaka kanisani, nikayatoa kama yangu. Nani angejua?

Mwaka huu hakuniita. Alirudi kutoka hospitali mwezi wa nane, mapafu yamepona, mdomo umefungwa. Wiki tatu hakutamka neno. Supu anakunywa, macho yako dirishani. Binti yake akaniambia, "Kama hatutambui tena, nitamhamishia penye manesi mchana na usiku."

"Dada, ngoja mechi ya kwanza," nikamjibu, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Sikuwa nao.

Jumapili hiyo nilitoka kanisani kabla ya mahubiri, mimi ninayekaa safu ya kwanza. Nikamvalisha mzee fulana yake ya zambarau, rangi ya timu yake, nikamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi sebuleni, mbele ya televisheni. Binti akaketi kando yake na kikombe cha chai. Mchezo ukaanza. Nikayataja yale mambo yake: goti, ukuta wa mbele, teke. Hata kope hakupepesa.

Mimi nikikosa la kufanya hufundisha watu. Nikamgeukia binti. "Unaona, wana nafasi tatu za kusogeza mpira yadi kumi. Wakishindwa, wenzao wanauchukua."

"Nne."

Sauti ilikwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Vidole vinne vilikuwa vimetoka chini ya blanketi.

"Nne, bosi! Miaka sita namfundisha huyu mtu!" Akamtazama binti yake, akamwita kwa jina la utotoni. "Usimsikilize, hajui kitu. Na goti la mrusha mpira mmeliona? Anachechemea yule!"

Binti alicheka huku analia, chai ikamwagika kwenye zulia langu jipya. Nilikwenda jikoni, nikashika sinki kwa mikono miwili, nikapumua kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Wafanyakazi wangu wanasema nilikosea makusudi ili nimchokoze. Wanasema nina akili kuliko daktari. Nawaacha waseme, ingawa kusema kweli nilidhani ni tatu.

Tulifungwa. Mpiga teke alikosa dakika ya mwisho, mzee akamtukana mpaka nikaona haya mbele ya binti. Naye binti alikuwa anavaa koti, hajataja tena habari ya kuhama. Mlangoni akaniuliza mechi ijayo ni saa ngapi.

"Saa sita," mzee akajibu kabla yangu. "Usichelewe. Na usimwulize huyo."